Shati Lililorudi Limepigwa Pasi

Sehemu ya saba

Msomaji, Ijumaa iliyopita tuliuacha mkono wa wakili ukiwa ndani ya mfuko wa karatasi, na wengine wenu mmelalamika kwamba ule ulikuwa unyama. Haya, mkono unatoka. Umeshika shati.

Shati jeupe la mikono mirefu, limekunjwa vizuri, kola imesimama wima. Wakili wa utetezi akalikunjua, akaligeuza mbele na nyuma kama anayetafuta mnunuzi.

"Mheshimiwa, mashahidi wanadai aliyempiga kijana yule mweusi kituo cha basi alivaa shati jeupe, na kwamba lilitapakaa damu. Mteja wangu hakatai kuvaa shati jeupe jioni ile. Ndilo hili. Polisi walilitoa wenyewe kabatini kwake." Akageukia ukumbi ili watu wamtazame. "Basi naomba nionyeshwe damu."

Ukumbi ukanong'ona. Hakimu alilitazama shati, kisha akamtazama mshtakiwa, kijana mweupe aliyechana nywele kwa maji, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameruhusiwa kuketi na kuletewa glasi ya maji. Mashahidi weusi walikuwa wamesimama muda wote na hakuna aliyewauliza kama miguu inauma.

"Safi kabisa," hakimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama Pasi, mama wa aliyepigwa, hakuwa akitafuta damu. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa shati. Mstari wa pasi ulishuka kutoka begani, ukanyooka, ukaishia kidogo kabla ya kifungo. Madobi wengine huufikisha mwisho. Yeye huukatiza hapo, kwa sababu vifungo vya siku hizi vinayeyuka.

Shati lile alilipiga pasi yeye.

Na kabla ya kulipiga pasi, alilifua.

Turudi nyuma kidogo, hatutachelewa. Kwenye duka lake la udobi, mtaa wa nyuma ya mahakama, wateja hawana majina, wana nguo. Kuna Bwana Suruali Mbili, kuna Binti Harusi ambaye hajaolewa mpaka leo, na kuna Bi Mashuka, mama mmoja mweupe wa nyumba za mlimani, ambaye mashuka yake yamelilisha duka lile miaka na miaka. Kikapu cha Bi Mashuka siku hizi huletwa na dereva. Asubuhi moja alikileta mwenyewe.

"Mwanangu alitokwa na damu puani," alisema, akionyesha shati lililokuwa juu kabisa. "Itatoka kweli?"

"Ikikutana na mimi itatoka tu," Mama Pasi alijibu, wakacheka wote wawili.

Akaliloweka kwenye maji baridi na chumvi, akalifikicha kwa sabuni ya kipande, akamwaga maji na kutia mengine mpaka yakatoka meupe. Alikuwa akiimba. Mwanawe, Mrefu, hakurudi nyumbani usiku wa kuamkia siku ile, naye alidhani kalala kwa rafiki yake wa chuo cha umeme, akawa anapanga maneno ya kumsema. Shati likiwa kambani ndipo fundi viatu wa jirani alipokuja akihema kumwambia Mrefu yuko hospitali. Taya limevunjika na mguu umevunjika. Walimzingira wakamuuliza anafanya nini mtaa wa weupe, wakamwambia arudi kwao. Kwao ni mtaa wa nyuma ya mahakama. Alizaliwa hapo.

Mama mtu alikuwa amemfulia mpigaji damu ya mwanawe wa kumzaa, tena kwa wimbo.

Utauliza, mwana wa Bi Mashuka alipokamatwa, hakukumbuka? Hakukumbuka. Asubuhi ile ilifutika yote kwa habari iliyofuata. Tena dobi haioni damu kama damu, anaiona kama kazi. Sasa alikumbuka kila kitu kwa mpigo mmoja, akasimama.

"Mheshimiwa, shati hilo nimelifua mimi. Lilikuwa na damu."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye hupiga naye pasi dukani, akamvuta gauni. "Kaa chini, wifi."

"Nani kamruhusu huyu kuongea?" hakimu akauliza.

"Mimi ni mama wa—"

"Najua wewe ni nani. Watu wa kwenu mkipata msiba hamjui tena utaratibu."

Mwendesha mashtaka alikuwa akipiga miayo tangu kesi ianze. Hapo akazinduka, akaomba mama huyu aapishwe awe shahidi. Hakimu alitazama saa ya ukutani, akakubali shingo upande.

Wakili wa utetezi hakuonyesha wasiwasi wowote. Alimsogelea Mama Pasi kwa upole, na shati mkononi.

"Umelijuaje, mama?"

"Kwa mstari wa pasi. Na ndani ya kola kuna uzi wa kijani. Kila mteja ana uzi wake ili nguo zisipotee. Wa kijani ni wa nyumba yao."

Wakili akageuza kola. Uzi ulikuwepo. Mabenchi ya nyuma, walikokaa weusi wenzake, yakaguna kwa furaha, na Mama Pasi akashusha pumzi. Msomaji, wewe usishushe bado.

"Nyumba hii umeifulia muda gani?"

"Miaka mingi."

"Na shati hili limepita mikononi mwako mara ngapi?"

"Siwezi kukumbuka. Kila wiki linakuja."

"Uzi uliushona lini?"

"Lilipokuja mara ya kwanza."

"Kabla mwanao hajapigwa."

"Kabla, ndiyo."

"Basi uzi unatuambia shati hili lina dobi. Hilo hatubishani." Watu wa mbele wakacheka, na hakimu naye akaficha tabasamu kwa mkono. "Tuendelee. Unasema lilikuwa na damu."

"Nyingi. Kifuani na mkono wa kulia."

"Ukaifanya nini?"

Mama Pasi alikuwa ameona swali linakokwenda, lakini alishachelewa kuruka. "Nikaitoa."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa nisaidie, mama yangu. Ukiwa unasema kweli, umefuta ushahidi kwa mikono yako. Ukiwa hukufuta ushahidi, basi damu haikuwepo na unasema uongo. Nikuweke upande gani?"

"Sikujua ni damu ya nani. Mama yake alisema ya puani."

"Mama yake, yule pale?" Wakili akamwonyesha Bi Mashuka, aliyeketi mstari wa mbele na leso mapajani. "Unataka kumwingiza na mama wa watu?"

Hakimu akagonga meza. "Kuna mtu mwingine aliyeiona hiyo damu, au tunaendelea na hadithi za kambani?"

"Yupo," Mama Pasi akasema. "Wifi yangu alisuuza maji ya pili. Muulizeni."

Msomaji, wifi huyu ni mtu wa maneno. Dukani hata redio humpisha. Lakini alipopanda kizimba cha mashahidi, kiapo chenyewe alikisema kwa sauti ya kutafutwa.

"Ulisuuza shati hili likiwa na damu?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

Wifi akamtazama Mama Pasi, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Sikuliona."

"Wifi," Mama Pasi akaita.

"Sikuona shati lolote lenye damu, mheshimiwa. Sijui anazungumzia nini."

Wifi akateremka. Alipompita Mama Pasi aliinama kama anayeokota kitu, akasema chini chini: "Wako wameshampiga. Wangu bado. Jana walimsubiri nje ya geti la shule."

Akapita, hakugeuka. Mama Pasi alitaka kumchukia pale pale, na hakuweza. Alijiuliza yeye angesema nini, akaona hataki kulijua jibu.

Hapo hakimu alikuwa ameshapata nguvu mpya. Alimsomea Mama Pasi kosa la kuharibu ushahidi, akamrudisha kizimbani, akamwita askari asimame karibu naye, akasema atalala ndani mpaka uchunguzi ukamilike. Kijana anayeshtakiwa kwa kuvunja taya la mtu alipewa dhamana siku ile ile aliyokamatwa, kwa kuwa ana mitihani. Redioni wapiga simu walimwonea huruma wiki nzima, eti maisha yake yote yanaharibiwa na ugomvi wa vijana. Huyu aliyefua shati hata hakuulizwa kama ana mtu wa kumdhamini.

"Mheshimiwa, naomba kusema neno."

Wote wakageuka. Bi Mashuka alikuwa amesimama.

Mama Pasi aliona matumaini, na usimcheke. Wanawake hawa wawili walikuwa wamepeana habari za watoto mlangoni pa duka tangu watoto hao wakiwa wa kubebwa. Akajisemea, mama ni mama, atasema.

"Mama huyu amenifulia miaka mingi," Bi Mashuka akasema, macho yamelowa. "Sijawahi kupoteza hata soksi. Ni mtu mwaminifu. Amechanganyikiwa tu kwa ajili ya mwanawe, na ni nani asiyechanganyikiwa? Hakuna shati lenye damu nililompelekea. Lakini naomba asifungwe. Aseme tu kwamba alikosea, aende nyumbani. Sisi tumeshamsamehe."

Watu wa mbele wakatingisha vichwa kwa wema huo. Mwanamke mmoja alijifuta machozi. Hakimu akavua miwani.

"Umesikia?" akamwambia Mama Pasi. "Umesikia moyo wa mtu? Mahakama inakupa nafasi. Sema ulikosea."

Damu ilimchemka Mama Pasi mpaka masikioni. Kupigwa walimpiga mwanawe, na bado wao ndio wanaosamehe.

"Mimi sikukosea," akasema. "Yeye alileta kikapu mwenyewe. Dereva hakuja siku ile. Aniangalie machoni aseme."

Bi Mashuka hakumwangalia. Aliketi, akakunja leso yake taratibu.

Sasa, msomaji, tutoke nje mara moja, kwa sababu huko nje kuna kitu kinapikwa. Tangu Jumatatu barabara ya mahakama ilijaa watu wenye picha ya Mrefu, uso umevimba, jicho halionekani. Wengi wao hawakuwahi kumwona, na walilala pale pale kwenye baridi kwa ajili yake. Ndani, watu walikuwa wakitumiana habari kwa simu. Habari ilitoka mlangoni ikiwa nzima: mama amelifua shati la mpigaji bila kujua. Ilipofika ngazini, kule kutojua kukawa kumedondoka. Ilipofika barabarani, Mama Pasi alikuwa amelipwa na nyumba za mlimani afute damu ya mwanawe, na wifi yake alikuwa amemkana kwa aibu.

Hasira iliyokuwa ikimtafuta hakimu haikuweza kupita askari wa mlangoni. Duka la dobi halikuwa na askari.

Fundi viatu alipenya katikati ya watu ukumbini, akafika kwenye ubao wa kizimba. Ni mzee wa mikono myeusi kwa gundi, asiyependa kujionyesha. Akamsogezea mdomo sikioni.

"Wanakwenda dukani kwako."

"Nani?"

"Wetu. Wanasema umenunuliwa. Wameshika nyundo na vyuma."

Mama Pasi akaukamata ubao wa kizimba. Kulikuwa na jambo ambalo yeye, wifi na fundi viatu pekee walilijua. Mrefu hakuwa hospitali tena. Walimtoa juzi, baada ya vijana wasiojulikana kuja wodini kuuliza kitanda chake. Alikuwa amelala chumba cha nyuma cha duka, nyuma ya pazia la mashuka, mguu ndani ya plasta mpaka pajani, taya limefungwa kwa waya. Hana uwezo wa kukimbia wala wa kupiga kelele.

"Mtoe," akanong'ona.

"Nimejaribu. Mlango wa nyuma unatokea pale pale walipo, na peke yangu siwezi kumbeba. Nimewaambia waniache niingie, wameniita kibaraka. Wanakutaka wewe. Ukitokea wewe, ukaongea nao, watasikia. Lakini uje sasa hivi."

Angesema kwa sauti kwamba mwanawe yumo mle ndani? Kwenye mabenchi ya mbele walikaa rafiki za mshtakiwa, wawili kati yao wakiwa ndio wale ambao mashahidi waliwataja na polisi hawakuwakamata. Kumtaja alipo ni kuwapa anwani.

"Mheshimiwa," akasema, "watu wanakwenda kuvunja duka langu. Naomba askari waende."

Hakimu akainua kichwa. "Watu gani?"

"Walioko nje."

"Si ni watu wako hao? Tangu Jumatatu wananipigia kelele nisisikie hata kalamu yangu. Leo unataka niwatumie askari?" Akageukia mabenchi ya mbele, nayo yakamchekea. "Nenda ukazungumze nao mwenyewe. Mlango uko wazi. Sema ulikosea, utoke."

"Mheshimiwa, nakuomba."

"Maneno mawili tu, mama."

Mwendesha mashtaka alikuwa akikusanya karatasi zake. Mama Pasi alimtazama amwokoe, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Kwa mbali, kupitia dirishani, sauti za watu zilikuwa zinahama. Hazikuwa tena mbele ya mahakama. Zilikuwa zinazunguka jengo, zinakwenda mtaa wa nyuma.

Wiki zote hizi Mama Pasi alikuwa akimwambia Mrefu, jikaze, mwanangu, ukweli wetu tutausema mbele ya sheria. Mrefu, asiyeweza kujibu, alikuwa akimbana kidole kuonyesha kwamba amesikia. Akisema alikosea leo, shati lile litabaki safi milele, na yule kijana atatoka pale akaendelee na mitihani yake. Akisema hakukosea, atakwenda rumande akiwa na ukweli wake wote, na mwanawe atakutwa kitandani na watu wenye nyundo wasiojua ni nani.

Fundi viatu akamgusa kiwiko. "Mama Pasi."

"Nilikosea," akasema.

"Sauti, karani hasikii."

"Nilikosea, mheshimiwa."

"Ulikosea nini? Sema vizuri, iandikwe."

"Shati." Akalitazama mkononi mwa wakili. "Shati halikuwa na damu."

"Hukuliona na damu wakati wowote."

"Sikuliona."

"Na mama huyu hakukuletea kikapu."

Akamtazama Bi Mashuka. Safari hii Bi Mashuka alikuwa anamwangalia, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Mama Pasi kuliko yote.

"Hakuniletea."

Mtu mmoja wa mabenchi ya nyuma alisimama, akatoka, akaubamiza mlango. Mwingine akatema mate chini. Wifi alikuwa ameziba uso kwa viganja. Karani aliandika mpaka mwisho, akaweka nukta, akapuliza wino.

Mama Pasi alishaanza kushuka. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga sakafu wakati wakili wa utetezi alipoinuka na kufunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, kabla shahidi hajatoka. Muda mfupi uliopita, chini ya kiapo, alisema shati lilikuwa na damu. Sasa, chini ya kiapo hicho hicho, anasema halikuwa nayo. Kwa mdomo wake mwenyewe amekiri kwamba aliidanganya mahakama ili kumponza kijana asiye na hatia. Kusamehe ni hiari ya familia, na familia imesamehe. Lakini kiapo si mali ya familia. Naomba shahidi asiondoke."

Fundi viatu akasema, "Lakini mmemwambia—" na askari akamsukuma kifuani.

"Mmeniambia nitoke," Mama Pasi akasema. "Mheshimiwa, umesema mlango uko wazi. Umesema maneno mawili."

Hakimu akavaa miwani yake. Akasoma alichoandika karani, mstari kwa mstari, bila haraka, kidole kikifuata maneno.

Nje, bati likalia. Mama Pasi aliijua sauti ile. Ni geti la kukunja la duka lake, ambalo yeye hulifungua kila asubuhi kwa kulipiga teke upande wa chini, na sasa lilikuwa likipigwa kwa kitu kizito, likinyamaza, likipigwa tena.

"Wakili ana hoja," hakimu akasema. Kisha akamwomba askari afunge dirisha, maana kelele zilikuwa zinamsumbua.